Nilichagua tela jembamba nikijua pikipiki ya mume wangu haitaenea

Habari zenu nyote. Admin, nifichie jina, na usinitumie ujumbe jioni kwa sababu simu hii huwa anaishika mume wangu.

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Karagwe, upande wa Kituntu, nina watoto watatu. Miaka minne iliyopita mume wangu alikuwa anapakia kahawa kwenye lori, magunia yakamwangukia mgongoni. Tangu siku hiyo miguu yake haifanyi kazi. Miaka mitatu nilikuwa mimi ndiye miguu yake. Namwogesha, namgeuza kitandani, namtoa nje aote jua. Tukiwa kanisani kina mama walinishika mkono wakisema, "Mungu anakuona, dada." Nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa nimezoea kuambiwa hivyo.

Mwaka jana tukapata pikipiki ya matairi matatu, ile ambayo fundi ameihamishia breki na gia zote mkononi. Mume wangu akawa mtu mwingine. Asubuhi anajivuta mwenyewe, anapanda, anaenda Kayanga kutengeneza redio na simu za watu, anarudi anacheka na habari za mjini ambazo mimi sizijui. Siku moja nilimshika mkono nimsaidie kupanda, akasema, "Acha tu, mama, naweza." Alisema kwa upole kabisa. Mimi nikaenda shambani nikalia katikati ya migomba. Sijui kama mtanielewa. Badala ya kufurahi, nilijiona sina kazi tena kwenye nyumba yangu.

Mwezi uliopita kulikuwa na misa ya kumkumbuka marehemu baba mkwe wangu, huko kwao mume wangu Kaisho, Kyerwa. Mara ya mwisho watu wa Kaisho walimwona mume wangu akibebwa mgongoni, kwa hiyo safari hii alitaka aingie uwanja wa kanisa akiendesha mwenyewe. Tatizo ni mbali, na pikipiki ile ikipanda mlima mrefu inachemka. Mdogo wake, nitamwita Deo, ana pikapu kuukuu. Akaniambia, "Shemeji, kesho si unakwenda Bugene? Pitia kwa yule mzee anayekodisha matela, uchague moja la kuipakia pikipiki, nitalivuta kwa pikapu. Jioni nitapita kulichukua." Mume wangu akanipa kamba aliyoifunga mafundo mawili, upana wa matairi ya nyuma.

Kwa mzee yule kulikuwa na matela mawili. Moja pana, liko chini, lina matairi manne na ubao wa kupandishia. Jingine jembamba, liko juu, la kubebea mikungu ya ndizi. Mzee akaichukua ile kamba akapima mwenyewe. Akasema, "Mama, chukua hili pana. Hilo la ndizi, tairi moja la nyuma litakaa ukingoni kabisa. Kwenye kona za huko mtalia."

Nikamwambia, "Asante, mzee, lakini nipe hilo la ndizi. Tutaweka mbao."

Naandika haya kwa sababu hamnijui. Nilitaka pikipiki isienee. Niliwaza kwamba Deo akiliona atasema haiwezekani, pikipiki itabaki nyumbani, mume wangu atakaa mbele kwenye pikapu, na tukifika mimi ndiye nitamshusha mbele ya ukoo wake wote. Ajali sikuiwaza hata kidogo.

Jioni Deo hakumkuta mzee, akakabidhiwa tela na mke wa mzee; alipolileta nyumbani alikuna kichwa. "Shemeji, hili si dogo?"

"Mzee amesema linafaa," nikajibu haraka, nikiogopa ataniuliza kwa nini sikuchukua kubwa.

Mume wangu akaniuliza, "Ulipima na ile kamba?"

"Nilipima."

"Basi kama amepima yeye, twende nalo," mume wangu akamwambia mdogo wake. Deo akatafuta mbao mbili, akafunga kamba kila upande mpaka viganja vikachubuka.

Tumekaribia Kaisho, kwenye kona ya mteremko, nikasikia mbao zinavunjika. Nilipogeuka, pikipiki ilikuwa inabingirika kuelekea migombani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini usukani ulikatika, fremu ikapinda, na fundi aliyeiona amesema haitengenezeki.

Mume wangu aliingia kanisani akiwa mgongoni kwa Deo, mbele ya watu wale wale. Baada ya misa akamwambia mdogo wake huku ndugu wote wanasikia, "Mwanaume mzima hujui kufunga kamba!" Deo aliinamisha kichwa. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika kikombe cha chai, nikanyamaza.

Tangu siku hiyo hawaongei. Tela Deo alilirudisha akalipokea tena mke wa yule mzee, kwa hiyo Deo na mzee hawajakutana, na Deo hajui kwamba nilionywa. Sasa mama mkwe amenipigia simu kwamba Deo anauza ng'ombe wake wawili, wale aliowatenga kwa ajili ya mahari, ili amnunulie kaka yake pikipiki nyingine. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Binti aliyemchumbia ameambiwa asubiri, na kwao hawajafurahi.

Jana nilikuwa namwogesha mume wangu. Akanishika mkono akasema, "Bila wewe ningekuwa wapi?" Maneno hayo nimeyatamani mwaka mzima. Nilijifanya nachota maji ili asinione uso.

Nikisema, naogopa hatakubali tena mikono yangu imguse, na hana mwingine wa kumhudumia. Nikinyamaza, Deo anapoteza mke kwa kosa langu. Ninyi mliokaa kwenye ndoa, na ninyi mnaoishi na ulemavu, nawaomba sana: nianze kumwambia nani, mume wangu au shemeji? Na nianzeje? Nitukaneni mkitaka, nitasoma yote, ila mnishauri kabla ya Jumamosi.