Mke Wangu wa Nyashimo

Jambo lote hili limenigharimu beberu mmoja, kitenge pea moja, sukari, na nauli ya Nyashimo kila baada ya kuuza pamba. Nimehesabu mara mbili, kama nilivyozoea, na mara zote mbili hesabu imegoma kufunga, maana kuna kitu sijui nikiweke upande gani.

Mke wangu alifariki msimu ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye pamba. Bariadi ilijaa mizani, na kila mwenye mizani alijiita tajiri. Mimi nilikuwa dalali. Nilimpeleka mkulima kwa mnunuzi, nikapata changu huku na huku. Mchana kutwa nilibishana na watu mpaka sauti ikakauka. Jioni nilirudi kwenye nyumba yenye viti vinne na mtu mmoja.

Ndiyo maana nikazoea kubaki ghalani kwa mnunuzi wangu mkubwa. Alikuwa mzee wa Kihindi aliyeachwa na ndugu zake wa Mwanza aangalie mzigo, naye jioni hakuwa na mtu. Dini yake ilikuwa Uhindu. Nyuma ya mizani aliweka kisanamu cha mungu mwenye kichwa cha tembo, na hakufungua mlango kabla ya kukifukizia udi. Mwenzake alikuwa fundi wa mashine za kuchambulia pamba, Mbudha kutoka Sri Lanka. Kiswahili cha fundi kilikuwa kichache, lakini hakupoteza hata neno moja.

Nilimuuliza mzee ni nani aliyeianzisha dini yake. Akasema hayupo. Ilikua yenyewe, maelfu ya miaka, kuanzia mabonde ya mto Sindhu, bara Hindi, na kuenea, watu wakirithishana nyimbo za ibada kwa kichwa kabla hazijaandikwa. Nyimbo hizo zinaitwa Veda. Nikamwambia sijawahi kuona biashara isiyo na mwenyewe ikadumu.

"Hii imedumu kwa sababu hiyo," akasema, akanimiminia chai.

Miungu ni mingi, aliniambia, lakini kwa watu kama yeye wote ni nyuso za mmoja, ambaye ndiye asili ya kila kitu. Nafsi haifi. Inavua mwili kama nguo iliyochakaa, inavaa mwingine, ndiyo maana wao maiti huichoma. Inachosafiri nacho ni matendo yake, na hatima njema kuliko zote ni kufunguliwa, usizaliwe tena.

Nilifikiri kidogo. "Punguzo lipo, mzee? Mtu akiongea vizuri na mwenye mizani?"

"Mwenye mizani hayupo, dalali. Mzigo unajipima wenyewe."

Fundi alicheka kimyakimya. Yeye alikuwa na mwanzilishi, na alimsimulia kama jirani aliyehama. Mtoto wa mtawala, chini ya milima mirefu ya Himalaya, aliyelelewa asione shida. Siku alipotoka akaona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti, kisha akaona mtu aliyeacha vyote na uso wake umetulia. Akaacha mke na mtoto mchanga, akatafuta kwa miaka, mwisho akaketi chini ya mti mpaka akaelewa. Wakamwita Buddha, yaani aliyeamka. Alichoelewa ni kwamba maisha yana maumivu. Maumivu yanatokana na kung'ang'ania. Kung'ang'ania kunaweza kukoma. Na njia ya kukomesha kung'ang'ania huko ipo, ya kuwaza, kusema na kutenda sawasawa. Mawazo yangu yalibaki kwa yule mke aliyeachwa. Nikauliza yeye alisemaje. Fundi akanijibu kwamba baadaye naye aliifuata njia hiyohiyo. Sikuridhika sana.

Mwaka uliofuata binti yangu, aliyeolewa Nyashimo, alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alilia mchana, akalia jioni, zahanati hawakuona ugonjwa. Mkwe wangu ni Mlokole, akaomba, wakaja na wenzake wakaomba. Mwisho mama yangu mzazi, bila kumuuliza mtu, akaenda kwa mfumu, mganga wetu wa kienyeji, naye akasema bibi yake mtoto anadai jina lake. Kwetu hilo si geni. Nikatoa beberu, mtoto akapewa jina la mke wangu. Akanyamaza.

Hapo ndipo nilipochanganya mizani. Kwetu marehemu hudai jina lake liitwe, asisahaulike. Hakuna anayesema kwamba yeye ndiye mtoto. Lakini mimi nilikuwa na maneno ya ghalani kichwani. Nikachukua jina la kwetu, nikachukua nafsi inayohama aliyonisimulia mzee, nikavijumlisha, nikapata kwamba amerudi.

Babu kumwita mjukuu wa kike mke wake ni utani wa kila nyumba. Nilipofika Nyashimo nikisema, "Mke wangu, hujambo?", wote walicheka. Nilipomletea kitenge cha mtu mzima, pea nzima, walicheka zaidi. Binti yangu peke yake hakucheka. Alikikunja akakiweka sandukuni.

Mtoto alipoota meno nikaanza kumpima. Mke wangu hakuweza hata kunusa dagaa. Mtoto akala dagaa, akaomba wengine, akalamba vidole. Nilirudi Bariadi nikamshtakia mzee kwamba hiyo nafsi anayoisema haina kumbukumbu.

"Hata akiwa yeye," akasema taratibu, "ana mdomo mpya. Ana njia yake. Wewe unamdai nini?"

Fundi, aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao, akaongeza la kwake. Kwao hakuna hata nafsi inayohama. Unawasha taa kwa taa nyingine. Moto wa pili si ule wa kwanza, wala si mwingine kabisa. Nikamwambia hiyo ni lugha ya mtu asiyetaka kutaja bei. Akanishika bega. Sikumwona tena. Msimu mmoja mbele bei ya pamba ikaanguka, mzee naye akaitwa Mwanza, akaondoka na kisanamu chake kimefungwa kwenye pamba safi. Ghala sasa linauza saruji.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyashimo. Mkwe anahamia Geita kutafuta maisha. Binti akaniambia, bila kuniangalia, "Baba, mtoto anaweza kubaki na wewe. Kwetu si aibu. Ila useme mwenyewe."

Kabla sijasema, mtoto akaja akasimama mbele yangu. Sasa ana miaka sita, na meno mawili ya mbele yameng'oka. Akanitazama usoni.

"Guku," yaani babu, "ukiniangalia hivyo unamtafuta nani?"

Nikamwambia simtafuti mtu. Akaenda kucheza.

Wanaondoka mpunga ukishavunwa, na jibu langu wanalisubiri. Nikimchukua, viti viwili vitakuwa na watu, lakini naogopa nitakuwa nimemchukua mtoto ili akae kwenye kiti cha mwingine. Nikimwacha, nitakuwa nimezika mara mbili. Wewe unayesoma, kama umewahi kufiwa na mwenzio na kuna mtoto anayeitwa jina lake, ulifanyaje? Nishauri kabla mpunga haujaiva.