Usimwambie Wameenda

Cheka kwanza umalize, ndio nikuhadithie. Mafundi wenzangu pale Gatina, mtaa wetu wa Nairobi, walinicheka mpaka wakachoka, mmoja akaniuliza navuta nini. Sivuti kitu, na pombe siijui. Nilichokiona nilikiona mchana, jua linawaka, mikono yangu imejaa grisi.

Mzee Mutua, mtu wa Kitui, aliniletea trekta kuukuu ya petroli, si dizeli kama za siku hizi. Alitaka kuipeleka kwao ilime kabla ya mvua. Shida yake moja: ukiiwasha inalipuka kwenye ekzosi, paa! Sisi mafundi tunaita bakfaya, lakini asiyejua atakuambia ni bunduki.

Basi nikaiwasha. Paa! Watu wote wakalala chini, wauza mboga, watoto wa shule, hata mhubiri na spika yake. Huku kwetu hakuna anayefundishwa kulala chini, tunazaliwa tunajua. Halafu nikaona kijana amejibanza nyuma ya gurudumu kubwa, ana kiatu mguu mmoja, anahema.

"Boss, wameenda?"

Nikadhani ni mwoga tu kama wengine. Nikamtania, wameenda, toka. Akainuka, akapiga hatua moja nje ya gurudumu, akashika kifua na kuanguka. Nilikimbia kumwinua nikakuta mchanga mtupu, na oili yangu iliyomwagika haina hata alama ya mguu.

Jirani yangu hapo alikuwa Mama Odhis, mkaanga samaki. Nilimweleza yote. Akaacha samaki waungue, akaniuliza kiatu kilikuwa mguu gani. Nikasema wa kushoto.

"Cha kulia kiko kwangu," akasema, "chini ya kitanda."

Ndipo akanieleza kwa nini alihama Kibera. Siku ya maandamano, kule kijiji cha Raila ndani ya Kibera, mwanawe Odhis alikuwa anatoka kibaruani risasi za polisi zikaanza kulia, akajificha nyuma ya mkokoteni. Akauliza watu waliokuwa mlangoni mwa nyumba ya karibu kama wameenda. Mtu akamwambia wameenda. Hawakuwa wameenda.

Kesho yake Mama Odhis akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akaniomba niwashe. Paa! Yule kijana huyo hapo, ubavuni mwake, na swali lake lile lile. Mama akamshika mkono. Niamini, alimshika.

"Bado, mwanangu. Kaa hapa na mama."

Na kijana akakaa. Muda wote injini ilipokuwa inalipuka alikuwa pale, kichwa begani mwa mamake. Nilipozima, hayupo. Tukafanya hivyo kila siku.

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Ugonjwa wa trekta nilikuwa nimeshaujua: waya mbili za plagi zilikuwa zimebadilishana, kila plagi inachoma kwa zamu ya mwenzake. Kazi ndogo kabisa. Mama alinisihi nisiziguse, na mimi nikawa namzungusha Mzee Mutua, mara kabureta, mara valvu. Lakini kwao mvua ikaanza. Mzee akaja akanisimamia, karibu alie, ananiuliza wajukuu wake watakula nini mwaka huu. Naye alikuwa na haki yake, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Nikazirudisha waya mahali pake. Injini ikanguruma laini. Mzee akanibariki, akaniombea na watoto. Mama Odhis alikuwa amechuchumaa pale pale, mkono ameunyoosha, anangoja. Akangoja hivyo mpaka trekta ikaondoka, gurudumu likamwacha peke yake juani.

Hanisalimii tena. Samaki bado anakaanga, lakini mlipuko ukisikika, uwe tairi ya pikipiki, ziwe risasi zenyewe za kweli, sisi tunalala chini na yeye anakimbilia huko huko, aproni na yote. Tumemrudisha mara nyingi, tukimbeba. Iko siku hatutamwahi.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, ukimkuta mtu amejibanza mahali akikuuliza kama wameenda, usijifanye mjuaji. Mwambie bado, akae hapo hapo. Hutakuwa umemdanganya.