Fundi wa Redio wa Rodi Kopany

Fundi wa redio pale Rodi Kopany hana haraka hata nyumba ikiungua. Huibandika redio sikioni kama mkunga anayesikiliza tumbo, macho kayafumba, bisibisi mdomoni, na watu wanaapa aliwahi kufufua moja iliyokaa ziwani mpaka kambare akataga ndani yake. Ikishapona huifungua tena, ajue tu imepona kwa nini. Susana, anayeshona sare za shule kwenye baraza moja na fundi, kola ileile mwaka wa kumi na moja sasa, humtazama mpaka uzi unakatika.

Jumanne moja ya mwaka wa tisini na nne, Ahmednur, muuza redio wa Migori mjini, alikuja kumtaka fundi akamsimamie duka, kazi ambayo Susana mwenyewe alikuwa akimwomba Ahmednur tangu Pasaka.

“Huko kuna redio mbovu?” fundi akauliza.

“Zote mpya, ndugu yangu.”

“Sasa nitafanya nini huko?”

Ahmednur akaenda zake bila hata kumtazama Susana.

“Wewe umerogwa,” Susana akasema.

Fundi akacheka, akamwekea redio sikioni. “Sikia, Mama Sammy, vile inakohoa.”

Susana akatega sikio, akafumba macho kama yeye. Akasikia kelele tu, na hilo likamuuma kuliko kuikosa ile kazi.