Gitaa la Enzi za Mjerumani

Ng'ombe mmoja. Hicho tu ndicho alichotaka baba yake binti niliyetaka kumwoa, na wala hakuwa mtu wa tamaa. Wenzake mitaa ile ya Old Korogwe walikuwa wakitaja watatu na blanketi juu. Tatizo lilikuwa kwangu. Nilikuwa karani wa ghala pale Handeni, kazi ya miezi ya mavuno, na miezi iliyobaki nilikuwa karani wa kitanda changu. Nilipanga chumba kimoja Chanika, hapo hapo Handeni, na mifugo niliyokuwa nayo ni kunguni.

Mtaniuliza mtu wa kukaa ndani vile alimpataje binti wa Korogwe. Alikuja kumhudumia dada yake aliyejifungua, nyumba ya pili kutoka kwangu. Angefikia nyumba ya tano, labda ningekufa kapera.

Kitu changu pekee cha maana kilikuwa gitaa la umeme. Nililipata kwa mpigaji mmoja wa bendi ya jazz ya shamba la mkonge. Bwana yule alikuwa akihamia kijiji cha ujamaa, akataka kitu cha kumfikisha shambani. Akachukua baiskeli yangu, nami nikachukua gitaa lake. Baiskeli ya nini? Baiskeli ni ya watu wanaokwenda mahali. Chumbani kwangu umeme haukuwepo, na gitaa la umeme bila umeme hulia kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Lakini mbu wangu alijua nyimbo tatu.

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mshenga. Alilitazama gitaa lile akalipigapiga mgongoni.

"Lina umri gani hili?"

"Aliyenipa alisema la zamani, mjomba."

"Zamani ya lini?"

"Enzi za Mjerumani."

Msicheke. Kwetu kila kisichovunjika ni cha Mjerumani: boma, reli, madaraja, hata jembe la marehemu babu, ingawa alilinunua dukani akiwa tayari na wajukuu. Gitaa lile lilikuwa limeanguka mara mbili kutoka juu ya kabati, likabaki zima. Ushahidi ulitutosha. Na mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne.

Mjomba akapeleka habari Korogwe: ng'ombe hatuna, lakini tuna kitu cha Mjerumani, thamani yake inampita ng'ombe. Jibu likarudi: "Leteni nikione. Kisiponiridhisha, yuko mwalimu mmoja ameleta posa, naye ng'ombe anaye." Mwalimu huyo alinikosesha usingizi, na usingizi ndicho kipaji nilichojaliwa.

Nikaaga majirani kana kwamba nakwenda kuhiji, nikalifunga gitaa kwenye shuka, tukapanda basi. Tulipofika Korogwe mjomba akasema mambo ya mahari yanataka karatasi. Tukaingia kwa fundi redio, mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka karibu na stesheni, tumwombe atuandikie kwamba gitaa ni la Mjerumani.

Mzee hakuandika kitu. Alichukua bisibisi, akafungua kibao cha mbele, akachomoa kidude cha kuongezea sauti.

"Hiki ndicho kile kile cha redio," akasema. "Mgongoni kina nambari. Hizi za kiwanda, hizi za mwaka. Bwana, gitaa lako limezaliwa miaka miwili baada ya Uhuru. Japani. Na mbao yake plaiwudi."

"Mjerumani hakupitia Japani?" mjomba akauliza.

"Labda kama alipotea njia."

"Na thamani yake, mzee?"

"Ukimpata mtu mwenye shida ya gitaa, ghali sana. Hapa Korogwe mimi simjui."

"Basi rudisha skrubu," mjomba akasema. "Na sisi hatujafika hapa."

Baba yake binti alikuwa amenunua ng'ombe mnadani maisha yake yote, mpaka magoti yalipomkatalia. Tulipofika kwake, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Ndiye huyu?"

Sikujua anauliza habari zangu au za gitaa.

"Wote wawili," mjomba akajibu.

Mzee alililaza mapajani, akapitisha kidole gumba juu ya vile vyuma vya shingoni, kimoja kimoja, taratibu, kama anayekagua meno ya ng'ombe.

"Huku mwanzo vimelika," akasema. "Kuanzia hapa, vipya kabisa. Mnyama akiwa hivi, ujue alifungwa kamba fupi. Nani alikuwa akimchunga?"

"Mimi, baba." Nyimbo zangu tatu zote ziliishia chuma cha tatu. Vidole vyangu navyo havipendi safari.

"Mshenga wako anasema ni la Mjerumani."

"La Mjerumani hasa," mjomba akasema bila kupepesa jicho.

"Baba yangu alimbebea Mjerumani mizigo. Kanisimulia habari za viboko, kanisimulia bunduki, kanisimulia mpaka mbwa. Gitaa hakulitaja. Na hebu nielezeni: Mjerumani alikuwa akilichomeka wapi?"

Mjomba akaanza kukohoa, kikohozi kirefu cha mtu anayetafuta maneno. Mzee akanigeukia.

"Wewe uliyesoma. Lina umri gani?"

Mguu wa mjomba ukatua juu ya wangu. Akilini nikamwona mwalimu akiingia uani na ng'ombe wake. Ningeweza kudanganya, na nilitaka kudanganya, lakini uongo ukishauanza inabidi ufuatane nao kila uendako, na mimi si mtu wa kutembea.

"Lilizaliwa miaka miwili baada ya Uhuru, baba. Japani. Plaiwudi."

Nyuma ya pazia nikasikia mwanamke akicheka. Nilijua cheko lile.

"Kumbe mtoto!" Mzee naye akacheka mpaka akashika magoti. "Basi nalipokea kwa mbuzi mmoja."

"Mbuzi jike?" mjomba akadandia hapo hapo.

"Jike angenizalia. Hili litazaa nini? Dume. Na dume lenyewe limekonda." Kisha akaacha kucheka. "Ng'ombe bado."

"Sina, baba."

"Redioni wanasema uhuru na kazi. Uhuru naona unao tele. Basi baki hapa msimu mmoja, unilimie. Mwalimu ataniletea ng'ombe, halafu atarudi darasani. Shamba langu atapalilia nani?"

Mjomba aliitika kabla yangu, akawahi basi la kurudi.

Nikalala stoo, katikati ya magunia na vifaranga. Nililima kule bondeni, karibu na mto, mpaka mikono ikawa kama gome. Binti aliniletea uji shambani, akauweka chini mbali kidogo kwa adabu, akasema bila kunitazama, "Mstari umepinda." Siku ya pili akasema, "Umepinda tena." Mwezi wa pili hakusema kitu, nikaenda nao mstari ule mpaka mwisho nikiimba.

Mahindi yalipoingia ndani, mzee alizunguka ghala lake mara mbili, akaingiza mkono, akanusa. "Ng'ombe nimemwona," akasema. Siku ya pili shehe akaja kufunga ndoa, watu wakala wali, ikapangwa tuondoke kesho yake na basi la asubuhi.

Kulipokucha bibi arusi alikuwa tayari na sanduku lake, na jiko la mchina la mafuta ya taa juu yake. Aliyekuwa bado stoo ni mimi. Nilikuwa nimeshazoea. Nilijua vifaranga gani vinaamka kwanza, nilijua gunia lipi ni laini, na wazo la kwenda mpaka Handeni lilinichosha kabla sijavaa viatu. Nikamwambia basi la mchana nalo si baya.

Akasimama mlangoni, mkono kiunoni. Mara ile alinitazama kabisa.

"Bwana, twende. Au umeamua kuolewa hapa?"