Nelima Alivyokonda

Usiniambie watu wa Laini Saba wana roho nzuri. Nimezaliwa Kibera, babu yangu amezikwa hapa, nawajua. Na mimi ni mmoja wao, hiyo ndiyo inaniuma.

Nelima aliuza chapati na maharagwe kando ya reli miaka kumi na minne. Alikuwa mnene, na wateja walipenda hivyo, kwa sababu mpishi mnene chakula chake kinaaminika. Kisha akaanza kunywa maji bila kushiba na kukimbia choo kila saa. Kliniki wakampima, wakapata ugonjwa wa sukari. Nesi hakumzungusha. "Mama, dawa utameza, lakini ukipunguza kilo kumi na tano hii kitu inaweza kutulia. Usipopunguza, utapoteza miguu."

Akapunguza. Wallahi sijaona mtu mwenye kichwa ngumu kama yule. Chapati alizopika mwenyewe hakuonja. Ugali wa ngumi moja, sukuma sahani nzima, chai bila sukari. Kila asubuhi alienda Kawangware kununua mboga na kurudi kwa miguu, watu wa boda wakimcheka. Baada ya miezi nane kilo kumi na saba zilikuwa zimeenda. Sukari ikashuka, daktari akampunguzia vidonge. Alikuja soko la Toi, pale ninaposhona, nimbanie magauni, akajigeuza mbele ya kioo kama msichana.

Unajua nilimwambia nini? "Woi, Nelima, umekwisha. Umepimwa ile kitu nyingine?" Akacheka kidogo. Nami nikarudi nyumbani nikamwambia jirani yangu Aketch, na Aketch hajui kufunga mdomo.

Hapa kwetu mtu akikonda ana ugonjwa mmoja tu, na hautajwi jina. Wiki mbili hazikuisha kabla ya mafundi wa jua kali waliokula kwake kila mchana kuhamia kibanda kingine. Mmoja alimwambia, "Si ubaya, mama, lakini hiyo mikono yako ndiyo inakanda unga." Wajinga. Hata ingekuwa kweli, nani ameambukizwa na chapati? Nelima akawaonyesha karatasi ya kliniki. Wakasema karatasi hata mtu ananunua.

Nilienda kumwomba msamaha, chapati za jana zikiwa bado kwenye beseni. Hakunitukana. Alisema tu, "Ruweida, watoto wangu wanasoma kwa hizi chapati. Nitanenepa." Nilimsihi mpaka nikalia. Kuanzia kesho yake alikaa kwa benchi nje, watu wakipita, akala chapati tatu na soda. Alifanya hivyo kila siku. Mwili ukarudi, na wateja wakarudi. Kidole cha mguu kikatoka kidonda, naye akakificha ndani ya soksi, maana muuza chakula mwenye kidonda pia hanunuliwi.

Mwezi jana walimkata mguu chini ya goti. Tulienda kumwona wodini, mimi, Aketch na mafundi wawili kati ya wale waliomhama. Aketch akamshika shavu. "Lakini umerudi vizuri, mama. Uso umejaa."

"Ee, nimejaa," Nelima akasema, akitutazama mmoja mmoja. "Sasa mtakula kwangu?"

Aketch akauondoa mkono shavuni mwake, na mafundi wakaanza kuaga.