Mzee wa Rujewa Alipoisalimia Dunia

Sisi watu wa redio za ridhaa ni wachache Nyanda za Juu Kusini, na majirani wanatuona tuna kaugonjwa. Tunasimika nguzo uani, tunavuta waya mpaka kwenye mti wa watu, kisha tunakaa kuita wenzetu walio upande wa pili wa dunia, bila kulipwa na yeyote. Mimi nafundisha umeme chuo cha ufundi hapa Iringa, nakaa Mlandege. Mwenzangu mmoja ni padre, yuko Mbeya. Mwingine ni mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Ndiye aliyenifundisha Morse, ile lugha ya vinukta na vistari.

Masikio ya mzee yalikuwa yanakwisha. Kelele za mashine yake mwenyewe zilikuwa zimeyala, pole pole, na daktari alimwambia wazi kwamba hayatarudi. Mzee akasema sawa. Ila kulikuwa na kisiwa kimoja alichokitafuta hewani tangu ujana wake bila kukipata: kisiwa cha barafu, kusini kabisa mwa dunia, hakina mtu, kina pengwini tu. Sasa kikundi cha wanaredio kilitangaza kwamba kinakwenda huko kwa meli, kitapiga kambi muda mfupi na kuita dunia kwa Morse. Wengine tuliweza kusema tukikosa safari hii tutangoja nyingine. Safari nyingine ingemkuta mzee kiziwi, na sote tulijua.

Shida ni kwamba hujui watasikika wakati gani wala kwenye masafa gani. Mwenye masikio mazima huzungusha kitufe, anasikiliza huku na huku. Mzee hakuweza tena kuwinda namna hiyo. Nikasema basi, nitamtafutia macho. Upo mtandao wa kupashana habari: ukisikia kituo unaandika jina lake na masafa yake, na papo hapo wenzako wote wanaona kwenye skrini. Ughaibuni mitambo ya kuendesha mtandao huo ni mingi na imeunganishwa, lakini inamwaga kila kinachosikika Ulaya, na intaneti ya Rujewa ni ya kuvizia. Nilitaka mtambo wetu wenyewe, uchuje, umpe mzee kisiwa chake tu, na tuandikiane kinachosikika huku kwetu.

Nikachukua kompyuta ya mezani aliyoiacha binti yangu, nikaifuta yote, nikaweka Linux, nikaiweka sebuleni chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama heshima ya nyumba inavyotaka. Kisha programu. Loo! Ilidai kipande fulani, nikakipakua, ikadai kingine. Nilipodhani tumemaliza ikakataa kusoma mafaili yake yenyewe. Nilitukana, Mungu anisamehe, kabla sijagundua kwamba kosa ni langu. Nilikuwa nimesakinisha kila kitu kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, kwa hiyo mafaili yakawa yake, na programu, inayojiendesha kwa jina jingine, ikabaki nje kama mwenye nyumba aliyesahau funguo. Nikabadilisha umiliki, ikaamka. Umeme ukakatika. Uliporudi, programu ililala fofofo mpaka nikaielekeza ijiwashe yenyewe. Siku iliponiuliza jina langu la hewani na kunikaribisha, nilicheza sebuleni peke yangu.

Lakini mtambo peke yake ni kisima kikavu. Lazima mtambo mwingine ukubali kuunganishwa nawe. Nikaandikia wengi, akakubali mstaafu mmoja wa nchi ya baridi huko Ulaya, kwa sharti moja: habari za vituo tu, maneno machache.

Nikawaelekeza wenzangu. Kutangaza kituo, fanya hivi. Kutuma tangazo la kawaida, linabaki kwetu. Ukiongeza neno "full", linakwenda kwenye mitambo yote duniani, kwa hiyo msiliongeze ovyo. Nilidhani nimeeleweka.

Asubuhi ya kwanza mzee akaingia, na kitu cha kwanza alichoandika, na "full" yake, ni hiki, akianza na salamu ya Kisukuma: Mwangaluka. Hamjambo nyote mlioko humu. Poleni na kazi. Huku Rujewa mvua imenyesha, mpunga hauna neno, je huko kwenu? Padre naye, mtu mzima aliyesoma mpaka Roma, hakuweza kuacha salamu ya mkubwa ikining'inia. Akajibu, "full", akitia na salamu ya huku Nyanda za Juu: Shikamoo mzee. Kamwene. Mbeya ni baridi tu na ukungu, ila Mungu anatupenda. Mzee akaitikia marahaba, akauliza waumini. Dunia nzima ikasoma habari za waumini. Kabla chai yangu haijapoa, yule mstaafu alikuwa ametukata. Aliniandikia kwamba mtambo wangu bila shaka umeharibika, unatoa maneno yasiyosomeka.

Na kisiwa kilikuwa kimeshaanza kuita.

Nilipiga simu Rujewa nikiwa nawaka. Akapokea mkewe, maana mzee simu haisikii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Habari ya Iringa?"

"Nzuri mama."

"Na baridi je? Wanafunzi? Na yule binti yuko salama?"

"Wote wazima mama. Na ninyi huko?" Ningefanyaje? Hasira ilinibidi ikae foleni. Ng'ombe hawajambo, wajukuu hawajambo, goti lake ndiyo linasumbua kidogo. Pole mama. Ndipo nikasema, "Mwambie mzee amesalimia dunia nzima!"

Nikamsikia akimpigia kelele sikioni. "Mwalimu anasema umesalimia dunia nzima!"

Kisha sauti ya mzee kwa mbali, imechangamka: "Wamejibu?"

"Anauliza kama wamejibu," mama akanieleza, kama vile sikusikia. "Na anasema, mtu unaingia kwa watu, umewakuta wamekaa, unaanza tu kutaja namba? Tena usalimie wa nyumbani, wageni uwaruke? Si watasema hatukufundwa?"

Hata mimi ningemchapa mwanangu kwa kosa hilo. Nilirudi kwenye mtambo, nikafunga matangazo yote yaishie kwetu, nikafungua chumba cha maongezi nikakiita Baraza, wasalimiane humo mpaka wachoke. Kisha nikamwandikia yule mstaafu barua kali, nikaifuta, nikaandika nyingine ya kistaarabu. Nikamtafsiria kila neno. Nikamweleza kwamba mzee huyu alikuwa anamuuliza yeye, pamoja na wengine, ameamkaje. Akarudisha waya kesho yake. Akaongeza kwamba theluji imeziba mlango wake, mkewe hajambo, na mpunga unaendeleaje? Nikajua na huyu ameshaambukizwa.

Jumamosi nilikuwa napiga pasi sketi ya kanisani kengele ya mtambo ilipolia. Padre amekisikia kisiwa, Mbeya, hafifu lakini kipo, na masafa yake haya. Nikajua Rujewa nako kengele imelia, kwa maana ya mwanga, kwa sababu mzee nilimwekea skrini nzima iwe nyekundu. Nilikodoa macho. Pasi ikaunguza sketi, nikaiacha iunguze.

Kisha mstari ukatokea kutoka Rujewa. Jina la kisiwa, masafa, alama ya kwamba wamewasiliana. Sehemu ya maneno, ambayo mzee huyu hajawahi kuiacha, ilikuwa tupu.

Nilipiga simu, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwamkia mama. "Amesikia? Masikio yamekubali?"

"Hayakukubali mwalimu," akasema taratibu. "Amezima mashine ya kukoboa, wateja waliotoka Madibira wamekaa juu ya magunia yao wanamtazama. Mlio wa redio ameushusha mpaka umekuwa mzito, halafu akaweka kiganja juu ya spika, apate mtetemo wake. Wale wa kisiwani amewasoma kwa mkono."

"Nikutume umpe hongera zangu?"

"Mwache kwanza. Wale wa kisiwani wameshaondoka hewani, redio inatoa upepo tu. Lakini mkono hajautoa."