Maiti Alibaki Kasongo, Mashine Ikaenda Kabambare

Seremala wetu wa Kabambare amefariki. Wengi mnaonisoma mmekalia viti vyake bila kumjua. Alikuja hapa Kasongo kijana, randa kwapani, akabaki. Mimi shule niliiacha mapema, lakini biashara ya mpunga imenijengea nyumba ya bati, kwa hiyo nasema ninachokijua. Sisi wa Kabambare tunaoishi huku tuna desturi: mwenzetu akifa tunachanga haraka, maiti afungwe kwenye pikipiki arudi kwao. Seremala alichanga kila mara, ila hakunyamaza. "Huyu alipokuwa muzima, mulipeleka nini kwao?" aliuliza siku moja kilioni. "Nguvu tunazimaliza huku mujini, kule tunarudisha mifupa." Nikamwambia, "Fundi, kula wali unyamaze." Akacheka. "Wali wa mpunga wetu, muzee. Unaununua kule na maganda, unakoboa huku, faida inalala kwako."

Hakunitukana, ndivyo ilivyo. Vijana wanakimbilia Kasongo kwa sababu kule jasho lao linauzwa na maganda yake, na kila anayeondoka anawaachia waliobaki shamba kubwa na mikono michache. Basi seremala alinunua mashine mbovu ya kukoboa, akaitengeneza polepole karakanani. Kabla ya kufa alimwachia mkewe neno: azikwe hapa, na mchango wa kumsafirisha yeye uisafirishe mashine. Dada yake mkubwa, aliyefika kutoka Kabambare na vumbi mpaka kwenye kope, alikataa. "Nimekuja kuchukua ndugu yangu, munanipa chuma? Kaburi nitalilia wapi?" Mjane akamshika mikono, akaigeuza viganja juu. "Dada, alisema hii mikono imetwanga vya kutosha." Yule mama akavitazama viganja vyake, vigumu kama mchi wenyewe. Kisha akasema, "Basi muifunge vizuri. Isianguke njiani."

Juzi mzigo wa kwanza kutoka Kabambare ulinifikia: mchele mweupe, si mpunga. Aliyeuleta ni kijana niliyezoea kumwona akisukuma baiskeli za mizigo sokoni hapa. Sasa amerudi kwao, ndiye anayeendesha ile mashine. Akataja bei, nikasema ni kali. "Muzee, maganda tumewaachia kuku wetu," akanijibu, bila hata kutabasamu. Nikalipa. Faida yangu imepungua, na bado nasema afadhali. Wewe uliyetoka kwenu, usingoje kurudishwa umefungwa kamba. Rudisha kazi, ungali na mikono ya kuifunga wewe mwenyewe.